Mdachi wa Akeri hakuwa Mdachi

Kama umekulia Meru ya Arusha na kwenu ni Walutheri basi stori ya Akeri unaijua, hata kama uliisikia nusu nusu. Oktoba 1896 wamisionari wawili waliotumwa na Misioni ya Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri chini ya mlima, usiku wakavamiwa na vijana wenye mikuki na wakauawa. Sisi kwenye darasa la kipaimara tuliambiwa hao ndo mashahidi wa kwanza wa injili upande wetu, Wajerumani wawili waliofia mbali na kwao, na bibi yangu yeye alikuwa anasema tu "wale Wadachi", jina la zamani la Wajerumani, halafu anaendelea kuchambua maharage. Mimi nikabeba hivyo hivyo, Wadachi wawili, miaka na miaka, mpaka siku nimekaa kwenye maktaba moja kaskazini mwa Ujerumani natafuta mambo ya Kilimanjaro na Meru ya enzi ile, nikakuta sentensi moja fupi kwamba Ovir alikuwa Mestonia na mwenzake alitokea Kurland, ambayo leo ni sehemu ya Latvia.

Nikaisoma tena. Mestonia?

Yaani kwa wale vijana wa 1896 yule alikuwa Mdachi, kwa Leipzig alikuwa mmisionari wao, kwa kanisa letu Mjerumani, na kumbe kwao, kule alikozaliwa, Mjerumani alikuwa mtu mwingine kabisa, alikuwa bwana, na watu wa kabila la Ovir ndo walikuwa wanalima shamba la huyo bwana. Hiyo sentensi imenikalia kichwani miaka minne sasa na ndo imenitoa kwenye mada niliyokuwa nasoma na kuniingiza kwenye historia ya Wajerumani wa kaskazini-mashariki mwa Ulaya, Estonia, Latvia, Lituania, Prussia Mashariki ya zamani, mpaka Urusi. Watu wa nyumbani wananiuliza, sasa wewe Mmeru hayo yanakuhusu nini. Naomba nieleze kwa kirefu.

Mwanzo wenyewe nitaupitia haraka maana vitabu vyake vipo vingi. Riga ilianzishwa 1201 na Askofu Albert aliyekuja na wapiganaji wa msalaba, baadaye mashujaa wa Shirika la Kiteutoni wakashika nchi, wafanyabiashara wa Lübeck na kwingineko wakajenga miji, na Riga, Reval (leo Tallinn) na Dorpat (leo Tartu) zikaingia kwenye muungano wa biashara wa Hansa. Halafu watawala wakawa wanapokezana, Wapoland, Waswidi, mwisho Mrusi, Tsar Peter alichukua eneo lote la Estonia na Livonia, yaani kusini mwa Estonia na kaskazini mwa Latvia ya leo, 1710. Cha kushangaza ni kwamba Peter hakuwagusa makabaila wa Kijerumani, aliwaachia dini yao ya Kilutheri, lugha yao ya Kijerumani maofisini, sheria zao na ardhi yao. Dola juu inabadilika, kabaila yupo pale pale. Na hao Wajerumani hawakuwahi kufika hata asilimia 10 ya watu wote.

Sasa hapa ndo penyewe. Prussia walikuja mpaka wakulima wa Kijerumani na lugha ya wenyeji ikafa kabisa, ila huku juu Livonia na Estonia wakulima wa Kijerumani hawakuja. Walikuja makabaila, wachungaji, wafanyabiashara na mafundi. Mkulima akabaki Mestonia au Mlatvia. Kwa hiyo kuwa Mjerumani kule haikuwa kabila tu, ilikuwa ngazi. Kwenye miji ya zamani wenyeji waliandikwa kwa neno moja, Undeutsche, yaani wasio Wajerumani, hawapewi hata jina lao, wanatajwa kwa kile ambacho sio. Na Mestonia akisoma, akapata cheo, akaoa mjini, watoto wake wanaanza kuongea Kijerumani nyumbani na kizazi kinachofuata kimeshakuwa Kijerumani. Lugha yenyewe inakuonyesha, Kiestonia neno saks mwanzoni ni Mjerumani, mtu wa Saksoni, baadaye likawa na maana ya bwana, mtu wa heshima, mtu aliyevaa vizuri asiyeshika jembe. Mtu wa Arusha hapo hahitaji mkalimani, maana na sisi mtu akipata hela akabadilisha maisha tunamwita mzungu na ngozi yake ni ile ile.

Na maneno mengine yanakuja tu yenyewe. Waestonia shule wanaiita kool, Walatvia skola, na Kiestonia walilipata kutoka Kijerumani cha watu wa pwani ya kaskazini, kile cha wafanyabiashara wa Hansa. Sisi tunasema shule, tulilitoa kwenye Schule ya hao hao Wajerumani, karne nyingi baadaye. Jikoni kwao ni köök, kofia ni müts, duka ni pood, yote yametoka huko. Sisi tuna shule na hela, hela ile ya Heller iliyoletwa 1904, senti za rupia ya Mjerumani. Nilipokuwa Tartu mara ya kwanza nikaona basi la watoto limeandikwa neno lenye kool ndani yake nikasimama pale kituoni najihisi kama nimekutana na ndugu wa kambo.

Wakati mwingine naulizwa ilikuwa mbaya kiasi gani hiyo hali ya wakulima. Mchungaji mmoja Mjerumani wa Oberpahlen, leo Põltsamaa, anaitwa August Wilhelm Hupel, miaka ya 1770 alichapisha vitabu vikubwa vya maelezo ya nchi ya Livonia na Estonia, udongo, mito, mashamba, bei za vitu. Na kwenye bei za vitu kuna bei ya watu. Anaeleza kwamba mtu huku sio ghali kama Mwafrika kwenye makoloni ya Amerika, na kijana wa kiume unaweza kumpata kwa rubo 30 mpaka 50. Hakuandika kwa chuki, na hilo ndo lilinichoma, aliandika kama anavyoandika bei ya ng'ombe, na kwenye sentensi hiyo hiyo sisi tupo, sisi ndo kipimo chake. Mtu aliyekaa kwenye nyumba ya usharika kwenye baridi ile, ambaye pengine hajawahi kumwona mtu mweusi, anatutumia sisi kupima thamani ya jirani yake.

Utwana ulifutwa Estonia 1816, Kurland 1817, Livonia 1819. Ila walipewa uhuru bila ardhi. Ardhi ilibaki ya kabaila na mkulima akalipa kwa kufanya kazi, Walatvia wanauita uhuru wa ndege, unaruka popote ila huna pa kutua. Na wakati huo ndo wengi walipewa majina ya ukoo, maana serikali inataka kuwaandika. Anayetoa jina ni kabaila au mchungaji, wengine wakaondoka na majina ya miti na wanyama, wengine majina ya Kijerumani kabisa, na ndo maana ukisoma nyaraka huwezi kumjua nani Mjerumani kwa kuangalia jina peke yake. Wapo walioandika vitabu kwa kosa hilo.

Nikuonyeshe sasa ukurasa mmoja, maana ukiongea juu juu mtu haoni.

Dola ya Urusi ilikuwa na zoezi inaitwa hesabu ya roho, kuhesabu watu kwa ajili ya kodi, na kwenye majimbo haya ya Baltiki ilifanyika mara kadhaa, 1782, 1795, 1811, 1816, 1826, 1834, 1850, 1858. Kila shamba la kabaila lina daftari lake, na limeandikwa kwa Kijerumani. Upande wa kushoto ni wanaume. Jina la kaya, halafu Jaan, Mart, Tõnis, kila mmoja umri wake hesabu iliyopita, halafu nini kimempata katikati, amekufa mwaka fulani, amepelekwa jeshini, amehamia shamba jingine, halafu umri wake sasa. Upande wa kulia ni wanawake, na hawa wana umri wa sasa tu. Hawana zamani. Liis miaka 4, Mai miaka 40, Ann 61. Mwanaume ana mwanzo na mwisho, mwanamke yupo siku ile tu karani alipopita. Nilikaa na ukurasa mmoja wa 1826 jioni nzima kwa sababu ya Liis wa miaka 4 ambaye hesabu ya 1834 hayupo kwenye kaya ile, na hakuna popote pameandikwa ameenda wapi, maana alikuwa upande wa kulia. Nikaja kumpata kwenye kitabu cha mazishi cha usharika. Mwandiko ule ule wa mchungaji, mstari mmoja, na tarehe.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kule walitumia kalenda ya zamani ya Julian mpaka 1918, karne ya 19 iko nyuma siku 12 ukilinganisha na ile ya Berlin. Mtu anaandika barua Riga leo na kwa hesabu ya Ujerumani imeandikwa karibu wiki mbili mbele. Usipoangalia utakuta mtu kajibu barua kabla haijaandikwa.

Halafu mwandiko wenyewe. Ule mwandiko wa zamani wa Kijerumani, Kurrent, mimi nilianza kujifunzia Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa pale tuna mafaili mengi tu ya serikali ya Kijerumani, kwa hiyo nilidhani nimeiva. Karani wa ofisi anaandika safi, mchungaji wa kijijini anayeandika na wino unaoganda kwa baridi ni habari nyingine. Herufi e inafanana na n, n inafanana na u, na s zipo za aina mbili, ndefu na ya mwisho wa neno. Nililisoma jina la kijiji kimoja vibaya karibu miezi miwili, nikakitafuta kwenye ramani zote hakipo. Mama mmoja aliyekuwa anakaa meza ya pembeni, mzee, anatafuta ukoo wa mama yake, aliniona nahangaika akaja na kipensili akanionyesha kwenye karatasi yangu kakijiti kadogo kama mwezi mchanga juu ya herufi, akasema hiki ndo kinakuambia ni u, usipokiona ni n. Kijiji kikapatikana siku ile ile. Yeye mwenyewe siku ile hakupata alichokuwa anatafuta.

Na majina ya miji ndo usiseme. Reval ni Tallinn, Dorpat ni Tartu, Pernau ni Pärnu, Wenden ni Cēsis, Mitau ni Jelgava, Libau ni Liepāja, Memel ni Klaipėda, Königsberg ni Kaliningrad. Dorpat kuna wakati Warusi waliipa jina Yuryev pia, 1893, na chuo kikuu chake kilichoanzishwa 1632 na mfalme wa Uswidi, kikafunguliwa upya 1802 kikifundisha kwa Kijerumani, kikageuzwa kuwa cha Kirusi. Ukiandika makala unachagua jina gani? Ukiandika Dorpat kuna mtu Tartu anakunja uso, ukiandika Tartu wakati unazungumzia wanafunzi wa 1850 unakuwa umeficha kitu. Mimi naandika jina la wakati ule halafu la sasa, kila mara, hata kama inachosha. Sisi wa Usa River tunalijua hilo, Leganga yetu Wadachi waliibatiza Leudorf, wakaweka pale walowezi wa Kijerumani waliotolewa Urusi.

Nisije nikaonekana naandika giza tupu. Kuna vitu vinanigusa sana kwenye historia hii na sitaki kuvificha. Ernst Glück, mchungaji Mjerumani wa Marienburg, leo Alūksne, alimaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kilatvia ikachapwa 1689. Johann Gottfried Herder alifundisha Riga kuanzia 1764 mpaka 1769, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasikia nyimbo za wakulima, na baadaye alipochapisha mkusanyiko wake wa nyimbo za mataifa 1778 na 1779 akaziweka za Kiestonia na Kilatvia pamoja na za mataifa makubwa, kama sawa kwa sawa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hatua kubwa. Na Wamoravian, ndio, Wamoravian hawa hawa waliofika Rungwe 1891, karne na nusu kabla ya hapo ndugu wa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani walikoanzia, walikuwa Livonia wanakaa na wakulima, wanawafundisha kusoma na kuimba kwa sauti nne na kusimama kuongea mbele za watu, mpaka makabaila wakaogopa na 1743 malkia wa Urusi akapiga marufuku. Hawakukoma. Ukitafuta kwanini sensa ya 1897 ilikuta zaidi ya watu 9 kati ya 10 wa Estonia wanajua kusoma, wakati sehemu kubwa ya dola ile hawajui, lazima upite kwa hao ndugu na kwa mama waliokuwa wanafundisha watoto nyumbani wanasokota uzi.

Na kuimba kule ndo kukaja kuwageuka mabwana. Tamasha la kwanza la nyimbo la Waestonia lilikuwa Tartu 1869, la Walatvia Riga 1873, mtindo wenyewe wameutoa kwa kwaya za Wajerumani, lakini wanaimba kwa lugha yao. Mtu aliyekulia kwaya ya usharika Meru anaelewa bila kuelezwa, tuni ni ya kwao, koo ni letu.

1905. Huu mwaka naomba tuutazame pamoja. Julai mwaka huo Wamatumbi waling'oa pamba na Maji Maji ikaanza. Miezi michache baadaye wakulima wa Latvia na Estonia wakaanza kuchoma majumba ya makabaila wa Kijerumani, na jeshi la Tsar likapita vijijini likipiga watu risasi bila kesi ya maana. Hawakujuana, hakuna barua iliyotoka Umatumbi kwenda Kurland, wala sisemi kwamba ni kitu kimoja. Ila kuna mwaka mmoja ambapo shamba la Mjerumani lilikuwa linawaka pande mbili za dunia, na sijaona mtu wa Ulaya aliyeyaweka pamoja kwenye sentensi moja darasani kwangu. Nikayaweka mimi.

Tallinn, mtaa wa Pikk, namba 26, kuna nyumba ya udugu wa Vichwa Vyeusi. Ulikuwa umoja wa wafanyabiashara vijana wa Kijerumani ambao hawajaoa, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1300, na mtakatifu wao mlinzi ni Mauritius, askari wa kutoka Thebes, Misri, ambaye Wajerumani walimchora kama Mwafrika. Mlango wao una nakshi za dhahabu, na juu yake kuna kichwa chake, mtu mweusi. Nilifika pale Februari, theluji imeganda mpaka kwenye nakshi, mtaa mtupu, nikasimama namwangalia. Nywele zake zimechongwa vizuri, mtu aliyechonga alijitahidi. Karne nyingi vijana wa Kijerumani walipita chini ya uso ule kwenda kula na kunywa, wakampa heshima ya mlinzi wao, wakati huo huo mtwana wa Kiestonia aliyekuwa nje ya mji hana hata haki ya kuhama. Mwafrika wa mbao mlangoni. Kurland chini ya mtawala wake Jakob Kettler mwaka 1651 wakajenga ngome kwenye kisiwa cha mto Gambia, kile kisiwa kinachoitwa leo Kunta Kinteh, wapate biashara ya Afrika. Yote haya yapo ndani ya kundi moja la watu na sijaweza kuyapanga yakakaa sawa, na nadhani hayatakiwi kukaa sawa. Nilivua glavu nikaugusa mlango. Ulikuwa wa baridi kiasi kwamba vidole vilishika.

Ule udugu haupo tena Tallinn, Wasovieti waliuvunja 1940, uliobaki upo Hamburg. Na hapa ndo tunafika 1939.

Agosti 23 Hitler na Stalin wanagawana Ulaya Mashariki kwa siri, Estonia na Latvia zinaangukia kwa Stalin. Oktoba Hitler anatangaza kuwarudisha Wajerumani "nyumbani". Nyumbani! Watu ambao wazee wao wapo pale miaka 700. Meli ya kwanza, Utlandshörn, iliondoka Tallinn Oktoba 18. Kutoka Estonia waliondoka karibu 14,000, kutoka Latvia karibu 51,000, kwa wiki chache tu. Makaburi wameyaacha, majumba wameyaacha, mbwa wengine wamewaua kwa mkono wao. Nimesoma barua za siku zile na nimelia, sioni aibu kusema, kuna mtu anaandika kwamba amefunga mlango akakumbuka hakuna sababu ya kuufunga.

Lakini ukiishia hapo unakuwa umedanganya. Maana walipopelekwa, eneo la Posen, Poland iliyotekwa, walipewa nyumba za Wapoland na Wayahudi waliofukuzwa siku chache kabla, wengine waliingia wakakuta chakula bado kipo mezani. Na kule walikotoka, Riga, Novemba 30 na Desemba 8, 1941, kwenye msitu wa Rumbula, Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa kwa siku mbili, kwa amri ya wakuu wa Kijerumani wakisaidiwa na watu wa pale pale. Riga ambayo Herder alisikiliza nyimbo. Miaka mingi baada ya vita vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa Ujerumani Magharibi vilikuwa vinaanza na bustani ya utotoni na kuishia na meli, meza yenye chakula cha Mpoland haimo. Na wanahistoria wenyewe walikuwa na la kujibu, kabla ya 1945 wengi wa walioisomea Ulaya Mashariki walikuwa wanaandaa ramani na hoja za kumhudumia Hitler.

Ndo maana naheshimu kazi inayofanyika sasa, sisemi kwa kupaka mafuta. Kuna taasisi Lüneburg, wanaiita Nordost-Institut, ipo chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha Hamburg, kazi yake ndo hii, utamaduni na historia ya Wajerumani wa kaskazini-mashariki mwa Ulaya. Kuna Herder-Institut ya Marburg, ya 1950, yenye mkusanyiko mkubwa wa nyaraka za Baltiki. Pesa inatoka serikalini kwa sababu kuna sheria ya 1953 ya waliofukuzwa makwao, kifungu cha 96, kinachoilazimu serikali kuu na majimbo kutunza utamaduni wa maeneo hayo. Kwa hiyo mwanzo wake ni siasa, hakuna ubishi, lakini leo utakuta Mestonia, Mpoland, Mlituania na Mjerumani wameshika karatasi moja wanabishana kwa nguvu na wanachapisha wote. Na Waestonia na Walatvia wenyewe wameweka vitabu vya usharika na daftari za roho kwenye intaneti, Saaga ya Estonia, Raduraksti ya Latvia, unajiandikisha bure unasoma. Mimi nimemsoma Liis nikiwa chumbani kwangu na kikombe cha chai. Mafaili ya Meru ya wakati huo huo siwezi kuyasoma hivyo, inabidi nauli, kibali na bahati. Hilo linaniuma kila siku na nitaendelea kulisema.

Mwaka jana Desemba nilirudi nyumbani nikaenda Akeri na mzee mmoja wa kanisa, rafiki wa marehemu babu yangu. Nikamweleza yote haya, tumekaa kwenye benchi, kwamba shikamoo mzee, yule Ovir hakuwa Mdachi, kwao walikuwa watwana wa Wadachi, na baadaye kuna mwenzake wa huko huko, Leonhard Blumer, Mestonia, alikaa Arusha miaka mingi akishughulika na lugha ya Kimasai. Mzee alisikiliza vizuri sana. Akaniuliza kama kwao walikuwa na mangi, yaani mtawala wao wenyewe. Nikamwambia waliowahi kuwa nao waliuawa au waligeuka zamani sana, kabla ya kila kitu. Akatikisa kichwa. Akauliza kama mama yake Ovir alipata barua. Nikasema nadhani alipata.

Akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike haya yote. Baada ya wale wawili kuuawa, kapteni Johannes alitoka Moshi na askari wake na Wachaga, wakaja wakaua watu, wakachoma, wakaondoka na ng'ombe wasiohesabika. Mzee akasema, wewe mjukuu wangu umesoma, umesema huko Wadachi waliandika hata mtoto wa mtwana wa miaka minne. Hawa wa kwetu waliouawa mwaka ule, majina yao yameandikwa kitabu gani?

Nikamwambia mzee hakuna kitabu.

Nilikuwa na daftari langu, lile la mistari ninalotumia maktaba. Nikalifungua katikati, nikapiga mstari kama ule wa 1826, safu za kushoto, safu za kulia. Mzee akaanza na babu wa babu yake, akataja jina polepole nikaandika, akataja la mdogo wake nikaandika, nikauliza umri akasema kijana tu alikuwa hajaoa. Akarudi kwa yule wa kwanza. Akasema ngoja, huyo alikuwa na mke, naye walimuua. Nikahamisha kalamu upande wa kulia.